Shajara ya mradi: heda zinazokosekana, kutoka Debian 12 tupu hadi Alpine

Lengo la mradi ni kujenga programu tatu kutoka msimbo chanzo, kisha kuandika skripti moja itakayorudia kazi hiyo bila mtu kukaa macho. Ya kwanza ni Python 3.12, inayowekwa ndani ya /opt/python3.12. Ya pili ni zana ya zamani ya C inayokagua huduma za RPC (programu kuita kazi zilizo kwenye mashine nyingine) na violesura vya mtandao. Ya tatu ni zana ndogo ya C++ ya kukandamiza mafaili ya kumbukumbu, na hiyo inatumia CMake, zana ya kuandaa ujenzi. Mazingira ni konteina ya debian:bookworm-slim, yenye glibc 2.36 (maktaba ya C ya mfumo) na GCC 12.2 (kompaila). Baadaye tutahamia Alpine, ambayo haitumii glibc bali musl, maktaba nyingine ya C.

Tumechagua konteina tupu kwa makusudi. Mashine ya mtu anayeandika programu kila siku imeshajaa vifurushi vya -dev (vinavyobeba heda za maktaba) vya miaka, hivyo kila kitu kinajengeka na hakuna anayejua kinategemea nini. Ukianza na mfumo mtupu, kila heda inayohitajika inajitaja yenyewe. Heda ni yale mafaili ya .h ambayo msimbo huyaita kwa #include.

Siku ya 1: hata stdio.h haipo

Amri ya kwanza:

    apt-get install --no-install-recommends gcc make

Kisha ./configure ya Python, skripti inayokagua mfumo kabla ya kujenga. Ikagoma baada ya sekunde chache:

    configure: error: C compiler cannot create executables

Ujumbe huu unapotosha. Haujataja heda hata moja, na anayeusoma haraka hudhani kompaila yenyewe imeharibika. Jibu liko kwenye config.log. Tumelitafuta kwa kwenda mwisho wa faili na kupanda juu hadi mahali neno "cannot" lilipotokea kwa mara ya kwanza:

    /usr/bin/ld: cannot find Scrt1.o: No such file or directory
    /usr/bin/ld: cannot find crti.o: No such file or directory

Kijaribio ambacho configure hukiandika hapo ni main tupu isiyoita heda yoyote, kwa hiyo hatua ya kukompaili ilipita na kuunganisha ndiko kulikokwama. Scrt1.o, crti.o na stdio.h vyote vinakaa katika kifurushi kimoja, libc6-dev. Kwenye Debian, kifurushi cha gcc *kinapendekeza* tu libc6-dev, hakikitegemei. Ukiweka --no-install-recommends, kama Dockerfile nyingi zinavyofanya ili kupunguza ukubwa, unapata kompaila isiyo na heda za mfumo. Dawa ni kusakinisha build-essential, au libc6-dev kwa jina lake. Ukisakinisha libc6-dev inakuja pamoja na linux-libc-dev, yenye saraka za linux/ na asm/.

Hapa inafaa kutenganisha vitu viwili vinavyochanganywa kila mara. linux-libc-dev ni heda za kerneli kwa ajili ya programu za kawaida, kama linux/if.h na linux/limits.h. linux-headers-$(uname -r) ni kwa ajili ya kujenga moduli za kerneli, na unaihitaji pale tu inapolalamikiwa linux/module.h na ndugu zake. Ndani ya konteina, uname -r hurudisha toleo la kerneli ya mashine mwenyeji, kwa hiyo apt itasema kifurushi hakipo. Usihangaike kukitafuta, programu ya kawaida haikihitaji.

Siku ya 2: maswali matatu kabla ya kusakinisha chochote

Ujumbe wa GCC ni uleule siku zote: "fatal error: fulani.h: No such file or directory". Sababu zake ni tatu, na kila moja ina dawa yake:

Heda haipo kwenye mashine. Heda ipo lakini kompaila haitazami ilipo. Au heda hiyo imeondolewa katika toleo hili la maktaba ya C, au haijawahi kuwepo kwenye mfumo huu.

Muda mwingi hupotea kwa kutibu sababu ya pili au ya tatu kwa dawa ya kwanza, yaani kusakinisha vifurushi kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha. Tumekubaliana kwamba kila heda itakayokosekana itapita kwenye amri mbili kabla ya apt-get install. Kwanza, je, ipo popote?

    find / -xdev -name ffi.h 2>/dev/null

Pili, kompaila inatazama wapi?

    gcc -E -v -x c /dev/null

Kwenye Debian 12 ya amd64 (prosesa za x86 za biti 64) hii ya pili inatoa orodha hii, kwa mpangilio huu:

    /usr/lib/gcc/x86_64-linux-gnu/12/include
    /usr/local/include
    /usr/include/x86_64-linux-gnu
    /usr/include

Mpangilio una uzito. Kompaila huchukua heda ya kwanza inayokutana nayo na kuacha nyingine. Heda ya zamani iliyosahaulika ndani ya /usr/local/include itashinda ile mpya ya /usr/include, na hutaona ujumbe wa kukosekana. Utaona makosa ya ajabu ya aina zisizolingana. Ukiwa na shaka, ongeza -H kwenye amri ya kukompaili. Itachapisha njia kamili ya kila heda iliyofunguliwa.

Find isipoleta kitu, tunauliza kifurushi kipi kina heda hiyo:

    apt-get install apt-file && apt-file update
    apt-file search -x '/ffi\.h$'

Alama ya $ mwishoni na mkwaju mwanzoni vinazuia majina yanayofanana kidogo tu. apt-file update hupakua orodha za makumi ya megabaiti, kwa hiyo anayetumia bando aifanye mara moja na aitunze saraka ya /var/lib/apt/lists. Kwa heda ambayo tayari ipo, dpkg -S ikifuatiwa na njia kamili hutaja kifurushi chake bila intaneti.

Orodha ya Python ilivyotoka, heda kwanza kisha kifurushi: zlib.h ni zlib1g-dev, bzlib.h ni libbz2-dev, lzma.h ni liblzma-dev, ffi.h ni libffi-dev, openssl/ssl.h ni libssl-dev, sqlite3.h ni libsqlite3-dev, readline/readline.h ni libreadline-dev, curses.h ni libncurses-dev, uuid/uuid.h ni uuid-dev, gdbm.h ni libgdbm-dev, tk.h ni tk-dev. Tk tumeiacha, seva haina skrini.

Kwa walio kwenye Fedora, mwisho wa jina ni -devel na baadhi ya majina hubadilika kabisa: lzma.h iko katika xz-devel, bzlib.h iko katika bzip2-devel. Njia rahisi huko ni kutaja jina la pkg-config (zana inayotaja heda na maktaba zilipo) badala ya kukisia: dnf install 'pkgconfig(libffi)'.

Kuna pia apt-get build-dep python3.11, inayoleta mahitaji yote ambayo Debian hutumia kujenga Python yake. Inafanya kazi ukishawasha deb-src, orodha ya vifurushi vya msimbo chanzo. Kwenye picha hii ya konteina, mstari wa "Types: deb" ndani ya /etc/apt/sources.list.d/debian.sources unakuwa "Types: deb deb-src". Tumeijaribu na kuiacha, kwa sababu inaleta pia vifaa vya kutengeneza nyaraka na vya kupima madirisha. Kwa mtu mwenye haraka kwenye mashine yake inatosha. Kwa skripti inayotakiwa kueleza programu inategemea nini, haifai.

Siku ya 3: Python ilijengeka, na hilo ndilo tatizo

Kabla ya kusakinisha orodha ya jana tuliacha make iende ilivyo, kusudi tuone. Ilimaliza bila kosa na ikarudisha 0. Lakini juu kidogo ya mstari wa mwisho ilikuwa imechapisha:

    The necessary bits to build these optional modules were not found:

na chini yake _bz2, _ctypes, _curses, _hashlib, _lzma, _sqlite3, _ssl, readline, zlib na wengine. Kisha:

    To find the necessary bits, look in configure.ac and config.log.

Hapa ndipo tunapotaka wasomaji wakae kidogo. Heda ikikosekana kwenye programu nyingi za C, ujenzi unakufa papo hapo na unajua. Python haifi. Inaruka moduli husika, inaendelea, na inakukabidhi Python isiyoweza kufungua HTTPS wala hifadhidata ya SQLite. Kwenye skripti ya usiku, ambako hakuna anayesoma mistari elfu kadhaa, 0 ni 0.

Zlib ikikosekana walau utaangukia kwenye make install, pale pip inapofunguliwa kutoka kwenye zip:

    zipimport.ZipImportError: can't decompress data; zlib not available

Libssl-dev ikikosekana peke yake, make install inapita. Pip ndiyo itakayolalamika baadaye, kwenye seva, kwamba moduli ya ssl haipo. Libffi-dev nayo inapita. Atakayelia ni yule atakayeita ctypes wiki ijayo na kupata "No module named '_ctypes'".

Kwa hiyo skripti yetu imeongezewa hatua baada ya make na kabla ya make install:

    ./python -c "import ssl, _hashlib, zlib, bz2, lzma, ctypes, \
    sqlite3, readline, curses, _uuid, dbm.gnu"

Angalieni _hashlib na _uuid, zenye mstari chini mwanzoni. Tulianza na import hashlib, uuid na zote mbili zilipita hata bila heda zao, maana moduli hizo zina njia mbadala ya ndani. Ni lazima uulize ile moduli ya C yenyewe.

Baada ya kusakinisha vifurushi vya -dev, rudieni ./configure. Katika 3.10 na matoleo yaliyotangulia, setup.py ndiyo iliyokuwa ikitafuta heda wakati wa make, na wengi wamezoea kurudia make tu. Katika 3.12 setup.py imeondolewa, uamuzi wa kila moduli unafanywa na configure. Ukirudia make peke yake utaona orodha ileile na utadhani libffi-dev haikusaidia. Tumetumia make distclean, kisha configure upya.

Mtego mwingine uko mwisho wa Dockerfile. Ili picha iwe ndogo, watu huondoa vifurushi vya -dev na kumalizia na apt-get autoremove. Heda hazihitajiki tena baada ya kujenga, hilo ni kweli. Lakini libsqlite3-0 iliingia kwa sababu ya libsqlite3-dev, na autoremove inaiona kuwa yatima. Haijui kama kuna Python ndani ya /opt inayoitegemea. Matokeo:

    ImportError: libsqlite3.so.0: cannot open shared object file

Dawa ni kuorodhesha maktaba zinazotumika kweli kwa ldd juu ya mafaili yote ya .so ndani ya /opt/python3.12/lib/python3.12/lib-dynload, kisha kuzifunga kabla ya kusafisha:

    apt-mark manual libffi8 libssl3 libsqlite3-0 libreadline8 \
    libncursesw6 libgdbm6 libbz2-1.0 liblzma5 libuuid1 zlib1g

Na kile kijaribio cha import kirudiwe *baada* ya kusafisha, kwa kutumia Python iliyosakinishwa.

Siku ya 4: heda ipo, haionekani

Kwanza kisa kifupi, maana wanaosakinisha lxml kwa pip hukutana nacho kila siku. Heda za libxml2 zimo ndani ya /usr/include/libxml2/libxml/, ilhali msimbo huita libxml/xmlversion.h. Kompaila inatazama /usr/include/libxml/, haioni kitu. Hakuna kinachokosekana hapo; kinachotakiwa ni -I/usr/include/libxml2, ambayo xml2-config --cflags au pkg-config --cflags libxml-2.0 itakupa. Ndiyo maana pkg-config inapaswa kuwa kifurushi cha kwanza kusakinishwa baada ya kompaila. Pasipo pkg-config, skripti za configure hurudi kwenye kubahatisha, na kubahatisha huku hufaulu kwa heda zilizo moja kwa moja chini ya /usr/include tu.

OpenSSL ina sura yake. Kwenye Debian, openssl/ssl.h iko /usr/include/openssl, lakini openssl/opensslconf.h na openssl/configuration.h ziko /usr/include/x86_64-linux-gnu/openssl, kwa kuwa zinatofautiana kulingana na aina ya prosesa. Anayenakili saraka moja tu ya openssl kwenda kwenye mradi wake ataambiwa opensslconf.h haipo, na atashangaa kwa sababu anaiona kwenye mashine. Ukitaka Python itumie OpenSSL iliyo mahali pengine, usinakili heda; mpe configure --with-openssl=/opt/openssl pamoja na --with-openssl-rpath=auto, ili heda na maktaba vitoke mahali pamoja.

Kisa cha siku kilikuwa cha zana yetu ya C++. Ilijengeka jana, leo imegoma:

    /usr/include/c++/12/cstdlib: fatal error: stdlib.h: No such file or directory

Faili /usr/include/stdlib.h lipo, tumelifungua. libc6-dev ipo. Chanzo kilikuwa mabadiliko ya mstari mmoja katika CMakeLists.txt, yaliyoongeza saraka ya heda ya maktaba fulani ndani ya CMAKE_CXX_FLAGS. Saraka hiyo ilikuwa /usr/include, na iliandikwa kama -isystem /usr/include.

Hivi ndivyo inavyovunjika. cstdlib ya C++ haisemi #include, inasema #include_next <stdlib.h>, yaani "tafuta stdlib.h katika saraka zilizo *baada* ya hii niliyomo". Kwa kawaida /usr/include ni ya mwisho, kwa hiyo inapatikana. -isystem imeivuta hadi mbele ya /usr/include/c++/12, na baada ya hapo hakuna saraka iliyobaki yenye stdlib.h. -I/usr/include isingedhuru, kwa sababu GCC hupuuza -I ya saraka ambayo tayari ni ya mfumo. -isystem haipuuzwi, inapanga foleni upya.

Tumeondoa mstari. Tangu leo skripti inakataa ujenzi wowote ambao amri zake zina -isystem /usr/include; zinaonekana kwa make VERBOSE=1.

Zana hiyohiyo ikatoa somo la pili kabla ya jioni. CMake ilikuwa imesema "Looking for lzma.h - not found". Tukasakinisha liblzma-dev, tukarudia cmake, na bado usaidizi wa xz haukuwashwa. Ndani ya CMakeCache.txt:

    HAVE_LZMA_H:INTERNAL=

Amri ya find_path ikishindwa huandika NOTFOUND, na safari ijayo inatafuta tena. check_include_file haifanyi hivyo. Inatunza jibu tupu na haiulizi tena kamwe. Anayejenga lazima afute kashe:

    cmake --fresh -B build

Chaguo la --fresh lipo kuanzia CMake 3.24, na Debian 12 ina 3.25. Kwa matoleo ya nyuma, futa saraka ya build yote. Meson ina meson setup --wipe kwa kazi hiyohiyo.

Siku ya 5: heda zilizoondolewa

Zana ya RPC. Makefile ya mkono, haina configure. Heda tatu kwa zamu.

sys/sysctl.h. Hii iliondolewa katika glibc 2.32 ya mwaka 2020, baada ya kuonywa tangu 2.30, kerneli nayo iliondoa wito wa mfumo wa sysctl katika 5.5. Hakuna kifurushi cha kuirudisha. Tulianza kwa kutafuta kama inatumika:

    grep -n 'sysctl *(' *.c

Mafaili matatu yaliita heda, moja tu liliita kazi (function) yenyewe. Kwa mawili tulifuta mstari wa #include na yakapita. Kwa la tatu, lililokuwa likisoma idadi ya prosesa, tumeweka sysconf(_SC_NPROCESSORS_ONLN) kutoka unistd.h. Thamani nyingine za aina hiyo husomwa kutoka /proc/sys.

Mtu anaweza kushawishika kuchukua sysctl.h kutoka mashine ya zamani na kuiweka ndani ya /usr/local/include. Tumejaribu ili tuandike matokeo: kukompaili kunapita, kuunganisha kunakufa kwa "undefined reference to `sysctl'". Heda ni ahadi tu. Anayetimiza ni maktaba, na maktaba hii haitimizi tena. Kibaya zaidi ni pale ambapo kazi bado ipo lakini muundo wa data umebadilika kati ya matoleo. Hapo programu inajengeka, inaanza, na inasoma kumbukumbu mahali pasipo pake. Kunakili heda moja moja kati ya mifumo kumepigwa marufuku katika mradi huu.

rpc/rpc.h. Nayo iliondoka glibc 2.32, lakini hii ina mrithi, libtirpc. Baada ya libtirpc-dev heda ilikuwa /usr/include/tirpc/rpc/rpc.h, kwa hiyo bado haikuonekana mpaka tulipoandika:

    make CPPFLAGS="$(pkg-config --cflags libtirpc)" \
         LDLIBS="$(pkg-config --libs libtirpc)"

Kwa makusudi hatukupitisha CFLAGS. Kigeu kinachotajwa kwenye mstari wa amri hufuta kila CFLAGS += iliyo ndani ya Makefile, na yetu ilikuwa na -D_GNU_SOURCE humo. Ukiipoteza, heda zipo lakini nusu ya matangazo yaliyomo yanafichwa. Pia -ltirpc ikae baada ya mafaili ya .o. Kwenye Debian unaweza usione tofauti. Kwenye Ubuntu, ambako kuunganisha hufanywa kwa --as-needed, maktaba iliyotajwa mapema huachwa na unapata "undefined reference to `clnt_create'".

Ya tatu haikujitambulisha kama heda. GCC ilitoa onyo la "implicit declaration of function 'major'", ikaendelea, na ld (kiunganishi) ikasema undefined reference. Hadi glibc 2.27, sys/types.h ilikuwa ikibeba major, minor na makedev ndani kwa ndani. Kuanzia 2.28 ya mwaka 2018 ni lazima uiite sys/sysmacros.h mwenyewe. Mstari mmoja umetosha. Watakaojenga kwa GCC 14 hawatafika kwenye ld, kwa sababu huko onyo hilo limekuwa kosa kamili, na ni afadhali.

Kwa kumbukumbu, xlocale.h iliondoka 2.26, mahali pake ni locale.h.

Siku ya 6: Alpine

apk add gcc, na stdio.h haipo tena. Hapa ni musl-dev, au build-base inayoibeba pamoja na make. Heda za linux/ ziko kifurushi tofauti, linux-headers.

Kisha tofauti za musl zenyewe. sys/queue.h na sys/cdefs.h hazimo katika musl. Alpine inazitoa katika bsd-compat-headers, na cdefs.h yake hutoa onyo kila ikiitwa. sys/queue.h tumeikubali. sys/cdefs.h tumeiondoa kwenye msimbo: ilikuwa pale kwa ajili ya __BEGIN_DECLS tu, ambayo ni extern "C" kwa jina jingine. fts.h iko katika musl-fts-dev, argp.h katika argp-standalone.

execinfo.h haipo, na kazi ya backtrace ilihitajika kwenye ripoti za makosa pekee. Tumeandika:

    #if defined(__has_include)
    # if __has_include(<execinfo.h>)
    #  include <execinfo.h>
    #  define INA_BACKTRACE 1
    # endif
    #endif

Mtu alipendekeza #ifdef __GLIBC__ juu kabisa ya faili. Haifanyi kazi hapo, hata kwenye glibc: jina hilo hutangazwa na features.h, kwa hiyo kabla ya #include yoyote ya maktaba ya C bado halijulikani. Musl kwa upande wake haitangazi jina lolote la kujitambulisha, na waliotengeneza walikusudia hivyo. Uliza kama heda ipo, usiulize jina la mfumo.

Kosa lililochukua muda mrefu kuliko yote hapa lilikuwa la heda kuzidi: "redefinition of 'struct ethhdr'". Faili moja liliita linux/if_ether.h na netinet/if_ether.h pamoja. Kwenye glibc zinavumiliana, kwenye musl kila moja inatangaza muundo wake. Tumebakisha ya netinet mahali panapojengwa fremu, na ETH_P_ zote tulizozihitaji zilikuwemo humo.

Siku ya 7: kujengea arm64 kutoka amd64

Zana ya RPC inatakiwa pia kwenye bodi za arm64. Kwenye Debian:

    dpkg --add-architecture arm64 && apt-get update
    apt-get install crossbuild-essential-arm64 libtirpc-dev:arm64

Kisha make CC=aarch64-linux-gnu-gcc, na PKG_CONFIG_LIBDIR ikielekezwa /usr/lib/aarch64-linux-gnu/pkgconfig. Faili la kwanza kabisa:

    fatal error: gnu/stubs-32.h: No such file or directory

Jibu linalopatikana kila mahali kwa ujumbe huu ni "sakinisha libc6-dev-i386 au gcc-multilib". Ni jibu sahihi kwa anayejenga kwa -m32 kwenye x86. Sisi tunajengea ARM ya biti 64, hatuna shughuli na i386. Swali likawa: ni nani anayeiita stubs-32.h? Tuliongeza -H:

    . /usr/aarch64-linux-gnu/include/stdio.h
    ...
    .... /usr/include/x86_64-linux-gnu/gnu/stubs.h

Mstari wa pili ndio mwizi. Kompaila ya ARM imefungua heda ya x86. Humo ndani kuna sharti: kama __x86_64__ haijatangazwa, basi hii ni mashine ya biti 32, ita stubs-32.h. ARM haitangazi __x86_64__, hivyo sharti likaipeleka huko. Kama tungesakinisha libc6-dev-i386 kosa lingetoweka, na kompaila ya ARM ingeendelea kusoma bits/wordsize.h ya x86 inayoiambia kwamba neno ni biti 32.

Chanzo ni mstari wa 14 wa Makefile, ambao mtu aliuongeza kuiokoa OpenSSL siku fulani: -I/usr/include/x86_64-linux-gnu. Umefutwa, pkg-config inatosha. Zana imejengeka, na file inasema "ELF 64-bit LSB pie executable, ARM aarch64".

Yaliyobaki kwenye orodha: kuendesha kijaribio cha RPC kwenye bodi yenyewe, na kupitisha Python 3.12 kwenye Alpine kwa kijaribio kilekile cha import.